DVD ya harusi imegoma kunakilika: soma kosa kabla hujabadilisha programu

Pesa ya korosho ikishaingia, kazi za dukani kwangu Magomeni, hapa Mtwara mjini, hubadilika. Miezi mingine ni fotokopi, picha za pasipoti na barua za kuomba kazi. Msimu ukifika, watu wanashuka na mabasi ya Newala na Tandahimba, wengine wanatoka Lindi na Mtama, na DVD zao zimeviringishwa kwenye kanga: harusi ya 2007, sherehe ya kutoa wali (kuwatoa vijana jandoni na unyagoni), arobaini ya mzee. Deki iliyokuwa inazicheza ilishakufa, na TV mpya ina tundu la flashi tu. "Mwanangu, niwekee kwenye flashi," ndiyo kauli yenyewe.

Kazi hiyo ni nyepesi mpaka kompyuta iseme hapana. Hapo vijana wengi hukosea: kosa likitokea wanashusha programu nyingine, ikikataa wanashusha ya tatu, na muda wote huo diski inazunguka mle ndani. Programu ni mara chache kuwa ndiyo mgonjwa. Wagonjwa wanaweza kuwa wanne: diski yenyewe, draivu inayoisoma, mahali unapoandikia nakala, au programu. Ujumbe wa kosa huwa unamtaja mgonjwa, ila watu wanaufunga bila kuusoma.

Na kuna utaratibu mmoja ambao siuvunji kwa mteja yeyote. Kwanza natoa picha kamili ya diski, yaani nakala ya kila kilichomo ndani ya faili moja liitwalo ISO, nalihifadhi kwenye kompyuta. Kubadilisha kuwa MP4, kukata, kuunganisha, yote nafanya kutoka kwenye ISO hiyo, diski ikiwa imerudi kwenye kasha lake. Anayefungua diski moja kwa moja ndani ya programu ya kubadilisha video anailazimisha izunguke saa mbili, na kosa likitokea kwenye asilimia 90 anaanza upya.

Ninazungumzia diski za familia hapa. Filamu za kununua zenye kufuli zina mwenye haki yake, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda; programu ikikuambia diski ina kufuli, hilo si kosa la kutibu. Harusi iliyochomwa na mpiga video wa mtaani haina kufuli lolote, kwa hiyo ikigoma, tafuta sababu kwingine.

Hatua ya 1: Itazame diski kabla ya kuwasha chochote

Anza na tundu la katikati. Igeuze taratibu chini ya taa na utafute ufa, hata ule mwembamba kama unywele. Nimejifunza hili kwa uchungu. Miaka ya mwanzo ya kazi hii bibi mmoja wa Mikindani aliniletea DVD ya harusi ya mwanawe, mwanawe mwenyewe alishafariki. Programu ilikuwa inagoma, nikaiacha ijaribu usiku kucha kwa kasi ya juu. Sikuwa nimetazama tundu. Asubuhi ufa mdogo uliokuwepo ulikuwa umetambaa mpaka kwenye sehemu iliyorekodiwa, na draivu haikuitambua tena. Alipokuja nilimwamkia, nikamweleza. Aliuliza neno moja tu: "Hata sauti haimo, mjukuu wangu?" Haikuwemo.

Diski yenye ufa kwenye tundu isomwe kwa kasi ndogo kabisa, mara moja, na isirudiwe bila sababu. Diski kwenye draivu huzunguka maelfu ya mara kwa dakika.

Baada ya tundu, tazama upande unaong'aa. Diski iliyochomwa ina rangi mbili: sehemu iliyorekodiwa ina kivuli kidogo tofauti na ile iliyobaki tupu, na mpaka wake ni duara linaloonekana kwa macho. Kurekodi huanzia ndani kwenda nje. Kama kivuli kimefika nusu ya diski, ujue kazi ilifika nusu. Kama hakuna kivuli popote, diski haikuwahi kuchomwa, na hakuna programu ya kutoa kisichokuwemo.

Kisha inyanyue kwenye balbu. Kwenye CD, tabaka linalobeba picha liko juu kabisa, chini tu ya maandishi, ndiyo maana mkwaruzo wa upande wa maandishi huwa mbaya kuliko wa chini. Ukiona vitobo vya mwanga vinapenya, hapo pameshaondoka. DVD ni vipande viwili vya plastiki, kila kimoja milimita 0.6, vimegundishwa na tabaka la picha likiwa katikati. Adui wake ni ukingo: gundi ikiachia pembeni, unyevu unaingia. Sisi wa pwani tuna joto la bati juu na hewa ya chumvi dirishani, na diski za kuchoma zina rangi maalumu ambayo jua na joto huila. Nyingi zinazofika kwangu zilikuwa zimekaa dirishani au juu ya TV.

Kuhusu mikwaruzo, unaotoka katikati kwenda ukingoni hausumbui sana, kwa sababu kila mzunguko unaukata mara moja tu na diski ina hesabu za akiba za kujaza pengo la milimita chache. Mkwaruzo unaofuata duara ndio wa kuogopa, maana unafuta mfululizo.

Hatua ya 2: Isafishe kwa mwendo ulionyooka

Maji safi yaliyochemshwa yakapoa, tone moja la sabuni ya vyombo, na kitambaa laini cha pamba kilichochakaa. Futa kutoka katikati kwenda ukingoni, kama unachora miale ya jua. Usizungushe mkono, kwa sababu punje moja ya mchanga ikizungushwa inaacha ule mkwaruzo mbaya niliousema. Suuza, kausha kivulini. Tina, petroli na mafuta ya taa visiikaribie plastiki hiyo. Dawa ya meno najua inatumika sana mitaani. Mimi siitumii kwa diski ya mtu, kwani ni mchanga mwembamba wa kusugulia.

Hatua ya 3: Mjue mgonjwa kwa kubadilisha kitu kimoja kimoja

Weka kwenye draivu ileile diski nyingine unayojua ni nzima. Ikisomeka, draivu haina kosa. Kisha peleka diski gonjwa kwenye draivu nyingine. Draivu hazifanani: moja inashindwa, nyingine ya kampuni tofauti inasoma kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo maana nina draivu tatu dukani, mbili nimezitoa kwenye kompyuta kuukuu za mezani, na hizo za mezani nazipenda kuliko zile nyembamba za USB.

Draivu ya USB ikipotea ghafla katikati ya kazi, ukasikia ule mlio wa Windows wa kifaa kuchomolewa nawe hujagusa kitu, hapo tatizo ni umeme. Injini yake inataka nguvu kuliko tundu moja linavyotoa, hasa laptopu ikiwa kwenye betri. Toa waya mrefu wa kuunganishia, toa habu, chomeka moja kwa moja kwenye laptopu; kama waya wake una vichwa viwili, chomeka vyote. Nimeona mtu akiitupa diski nzima kwa kosa la waya.

Hatua ya 4: Makosa yenyewe, na dawa zake

"Data error (cyclic redundancy check)", au ujumbe unaotaja "I/O device error". Maana yake: kompyuta imesoma sehemu fulani, ikapiga hesabu ya kuhakiki, na jibu halikulingana na lililoandikwa kwenye diski. Mgonjwa ni diski au jicho la draivu, ile lenzi inayosoma na kuchoma. ImgBurn, programu ya kutoa ISO na kuchoma diski, husema jambo hilohilo kwa maneno "Unrecovered Read Error" au "L-EC Uncorrectable Error" na kukutajia namba ya sekta, yaani kipande kidogo cha diski kilichogoma. Kila sekta ya DVD ina baiti 2048. Iandike namba hiyo: kila ukijaribu ikigoma palepale, ni jeraha la diski, ikigoma kila mara mahali tofauti, shuku draivu au umeme.

Usinakili kwa kuburuta mafaili kwenye Windows. Ikikutana na sekta moja mbovu inaliacha faili zima, na faili moja la VOB, lile linalobeba video ya DVD, hufika karibu GB 1, sawa na takriban nusu saa ya harusi. Unahitaji programu inayoruka jeraha, inachukua vilivyo vizima kwanza, kisha inarudi kwenye majeraha. Mimi natumia ddrescue ndani ya Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama Windows, ambao unaweza kuuwasha kutoka kwenye flashi bila kuifuta Windows. Kifurushi chake kinaitwa gddrescue. Kwanza punguza kasi ya draivu (/dev/sr0 ndilo jina la draivu ndani ya Ubuntu):

eject -x 4 /dev/sr0

Kisha mzunguko wa kwanza, unaochukua rahisi na kuacha magumu:

sudo ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Na wa pili, unaorudia magumu mara tatu:

sudo ddrescue -d -r 3 -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Lile faili la mwisho, harusi.map, ndiyo roho ya kazi. Ni ramani ya vilivyosomwa na visivyosomwa. Umeme ukikatika, ukirudi unatoa amri ileile na kazi inaendelea ilipoishia. Zaidi ya hapo, unaweza kuhamisha diski kwenye draivu nyingine, ukatumia ISO ileile na ramani ileile, na draivu ya pili itasoma mapengo tu.

Nikupe mfano wa jinsi inavyoonekana. Diski ya kutoa wali kutoka Nanyamba, sindimba mwanzo mwisho. Draivu ya kwanza ilienda vizuri, kisha karibu na ukingo ikaanza ule mlio wa kukoroma na kutika, krrr-tik, krrr-tik, kasi ikashuka mpaka sifuri. Mapengo yalibaki MB 38. Niliitoa diski ikiwa ya moto, nikaiacha ipoe, nikaiweka kwenye draivu ya pili. Namba ya mapengo ikaanza kushuka: 38, 21, 9. Ikasimama chini ya MB 1. Kwa video ya DVD ya kawaida, MB 1 ni kama sekunde moja na nusu. Picha inavunjika vipande vya miraba, mpiga ngoma anaganda mkono ukiwa juu, halafu ngoma inaendelea. Mama mwenye diski aliangalia pale mara tatu hakupaona.

Kuharibika karibu na ukingo ni kawaida sana. Mafundi wengi walichoma kwa kasi kubwa wakiwa na foleni ya wateja, na sehemu ya nje ndiyo inayopata kazi hafifu na ndiyo inayoshikwa na vidole.

Diski inaonekana tupu, au Windows inauliza kama uiumbize ("format"). Jibu ni hapana, mara zote. Kama kwa macho unaona kivuli cha kurekodi, mara nyingi diski hiyo haikufungwa baada ya kurekodiwa, yaani haikufanyiwa kile kinachoitwa "Finalize". Ni ugonjwa wa DVD ndogo za sentimita 8 zilizotoka kwenye kamera, zile za GB 1.4, na za rekoda za mezani. Ikiwa kamera iliyorekodi bado ipo kwenye kabati la mtu, hata ikiwa betri imekufa, iwashe kwa adapta, weka diski, chagua kufunga. Kama haipo, programu ya IsoBuster inaweza kusoma diski isiyofungwa na kuchota video. Hiyo diski ndogo usiitie kwenye draivu ya kumeza isiyo na trei, haitatoka.

"The file is too large for the destination file system", na flashi ina nafasi tele. Hapa diski ni nzima, draivu ni nzima. Flashi imeumbizwa kwa FAT32, moja ya namna za kupanga mafaili, na FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4. ISO ya DVD iliyojaa inapita hapo. Hifadhi ISO kwenye eksteno iliyoumbizwa kwa NTFS au exFAT. Lakini flashi ya mteja iache FAT32, kwa sababu sabufa na TV nyingi za majumbani hazisomi nyingine. Mpe MP4 iliyo chini ya GB 4. Na usishtuke DVD ya GB 4.7 iliyojaa ikionyesha 4.38 kwenye Windows. Hakijapungua kitu, Windows inahesabu GB kwa kipimo kikubwa zaidi.

ISO ya VCD haikubali. Zile sidii za zamani zenye folda ya MPEGAV na mafaili ya DAT zimepangwa kivingine: sekta zake za video hubeba baiti 2324, haziingii kwenye ISO. ImgBurn hutoa mafaili mawili, BIN na CUE, badala yake. Si kosa, acha itoe. VLC, programu ya kuchezea video, inafungua DAT zenyewe.

HandBrake, programu ya kubadilisha video kuwa MP4, inasema haijapata video yoyote. Kwanza hakikisha umeielekeza kwenye ISO nzima au folda ya VIDEO_TS, si faili moja la VOB. Ikigoma bado, ifungue ISO, nakili VIDEO_TS kwenye kompyuta, uangalie mafaili ya IFO. Hayo ndiyo faharasa ya diski. Yakiharibika, video ipo lakini haina mlango. Waliounda DVD waliweka nakala yake pembeni, faili la BUP lenye jina hilohilo. Liondoe VTS_01_0.IFO bovu, nakili VTS_01_0.BUP, badilisha mwisho wa jina uwe IFO. Nimefufua diski kadhaa kwa sekunde kumi namna hii baada ya kuambiwa na fundi mwingine kwamba zimekufa.

BUP nayo ikiwa mbovu, unganisha VOB zenyewe kwa mpangilio kwenye Command Prompt ya Windows, ukiacha ile yenye namba 0 ambayo ni menyu:

copy /b VTS_01_1.VOB+VTS_01_2.VOB+VTS_01_3.VOB harusi.mpg

Kisha mpe HandBrake hiyo harusi.mpg. Usizibadilishe VOB moja moja halafu uzishone baadaye. Zimekatwa kwa ukubwa tu, hata katikati ya neno, na kila mshono utaleta sauti inayokimbia mdomo.

Picha ina mistari kama meno ya kitana kila mtu akitembea. Ni namna video ya TV ilivyorekodiwa, nusu picha kwa nusu picha. Kwenye HandBrake, upande wa vichujio, washa "Deinterlace". Usikuze picha: DVD zetu ni 720 kwa 576, ukiivuta ifike 1080 unaongeza uzito wa faili bila kuongeza uso wa mtu.

"Power Calibration Area Error" wakati wa kuchoma nakala mpya. Jicho limeshindwa kupima nguvu ya kuchomea diski hiyo. Badilisha aina ya diski tupu kabla ya kulaumu draivu, kisha choma kwa 4x au 8x, na uache programu ihakiki baada ya kuchoma. Dakika kumi za kuhakiki usimnyime mteja.

Pale picha inapokataa kabisa lakini sauti inasikika, chota sauti peke yake kwa VLC, uihifadhi kama MP3. Tangu siku ya yule bibi wa Mikindani siirudishi diski bila kujaribu hilo.

Hatua ya 5: Hakiki, kisha kabidhi

Fungua nakala kwenye VLC, tazama mwanzo, kati, na dakika tano za mwisho. Za mwisho hasa, kwa sababu ndizo zilizokuwa ukingoni. Kisha, kwenye Command Prompt ya Windows, toa alama ya faili, yaani msururu wa herufi na namba unaolitambulisha:

certutil -hashfile harusi.iso SHA256

Iandike. Ukinakili ISO kwenye eksteno, toa alama tena. Zikifanana herufi kwa herufi, nakala ni ileile. Namwambia mwenye diski nakala moja ibaki nyumbani, nyingine iende kwa mtoto aliyeko Dar es Salaam au popote pengine mbali na nyumba hiyo. GB 4 kwa bando ni ghali, flashi ndani ya bahasha kwa basi inafika kesho yake.

Diski yenyewe nairudisha, haitupwi, hata kama imesomwa yote. Naiandika kwa kalamu ya wino laini kwenye duara la katikati lisilo na kitu, si kwa biki. Na kwenye karatasi ndani ya kasha naweka wazi kilichopotea, ili asije akadhani flashi ni mbovu: dakika ya 47, picha inaganda sekunde moja na nusu, sauti inaendelea.